Mbwa mwitu wa visasili vya Skandinavia: Aliyefungwa na miungu, leo ana wafuasi

WAFUASI wa dini za jadi za Skandinavia zilizofufuliwa Ulaya na Marekani wamekuwa na mvutano wa muda mrefu kuhusu swali moja: je, inafaa kumtukuza kiumbe ambaye, kwa mujibu wa visasili vyenyewe, atammeza mkuu wa miungu siku ya kiama?

Kiumbe huyo ni Fenrir, mbwa mwitu mkubwa kuliko wote. Ifahamike kwamba anayezungumziwa hapa si mbwa mwitu wa mabaka tunayemwona katika mbuga za Afrika Mashariki. Huyu ni yule wa nchi za baridi, mwenye manyoya mazito, ambaye kwa karne nyingi alikuwa tishio kwa mifugo ya wakulima wa Norwe na Uswidi.

Mengi tunayoyajua kumhusu yametoka Aisilandi. Mwanasiasa na mshairi Snorri Sturluson aliyakusanya masimulizi hayo katika kitabu chake, Edda, takriban mwaka wa 1220. Wakati huo watu wa kisiwa hicho walikuwa wamekuwa Wakristo kwa zaidi ya miaka 200. Ajabu ni kwamba kisiwani humo hakukuwa na mbwa mwitu hata mmoja. Hofu ya mnyama huyo ilisafiri na wahamiaji katika hadithi zao.

Pingu ya Gleipnir

Fenrir alikuwa mwana wa Loki, mungu mjanja na mchochezi, aliyemzaa na jitu jike liitwalo Angrboda. Ndugu zake walikuwa nyoka aizungukaye dunia na Hel, mtawala wa kuzimu. Miungu ilimlea Fenrir kwao tangu alipokuwa mtoto, lakini ni Tyr peke yake aliyethubutu kumpelekea chakula. Kadiri alivyokua ndivyo hofu yao ilivyozidi, kwani utabiri ulisema kwamba angewaangamiza.

Wakaamua kumfunga. Alikata mnyororo wa kwanza, akakata na wa pili. Hapo ndipo vibeti, mafundi stadi waishio chini ya ardhi, walipoombwa kutengeneza pingu ya tatu, Gleipnir. Waliitengeneza kwa vitu sita: kishindo cha nyayo za paka, ndevu za mwanamke, mizizi ya mlima, kano za dubu, pumzi ya samaki na mate ya ndege. Ilikuwa laini kama utepe wa hariri.

Fenrir aliposhuku hila, alidai mmoja wa miungu atie mkono kinywani mwake kama dhamana kwamba angefunguliwa endapo angeshindwa kujinasua. Tyr akakubali. Pingu ilipokaza, miungu yote ilicheka, isipokuwa Tyr, kwani yeye alipoteza mkono wake. Ahadi ni deni, na deni la wote lililipwa na mmoja. Kwa Kiingereza, siku ya Jumanne ina jina la mungu huyo hadi leo.

Kisha walimkabili taya kwa upanga ili asiweze kuuma. Mate yaliyomtoka yakawa mto uitwao Van, jina lenye maana ya matumaini au matarajio.

Sura nyingi za mnyama mmoja

Fenrir si mbwa mwitu pekee katika visasili hivi. Skoll hulifukuza jua angani na Hati huuwinda mwezi. Kwa upande mwingine, Geri na Freki hukaa miguuni pa Odin, mkuu wa miungu, naye huwapa chakula chake chote kwa kuwa yeye hutosheka na divai tu.

Hali hii ya kuogopwa na kutamaniwa ilijitokeza pia katika maisha ya watu. Wazazi waliwaita wana wao Ulf, yaani mbwa mwitu, wakitumai watakuwa mashujaa. Walikuwepo wapiganaji waliosimuliwa kuvaa ngozi za mnyama huyo vitani. Bamba la shaba lililopatikana Torslunda, Uswidi, mwaka wa 1870 linaonyesha mmoja wao. Hata hivyo, neno la kale 'vargr' lilimaanisha mbwa mwitu na pia mhalifu aliyefukuzwa na jamii. Sifa na laana zilikaa katika mnyama yuleyule.

Ibada ya leo

Je, wahenga wa huko walimwabudu Fenrir? Maandishi yaliyosalia hayatoi dalili hiyo. Padri Adam wa Bremen, aliyeandika katika miaka ya 1070 kuhusu hekalu la Uppsala, alitaja sanamu tatu: za Thor, Odin na Frey. Majina ya miungu hao yamesalia katika miji na vijiji vingi vya Skandinavia. Fenrir alisimuliwa na kuchongwa kwenye mawe, lakini hakuna tambiko linalojulikana kufanywa kwa jina lake.

Kwa hivyo, wanaomtukuza leo wameanzisha jambo jipya. Nchini Aisilandi, chama cha Asatru kiliundwa mwaka wa 1972 chini ya mkulima na mshairi Sveinbjorn Beinteinsson, kikatambuliwa na serikali mwaka wa 1973. Wanachama wake wamepita 5,000. Katika sherehe zao hawachinji wanyama kama kafara. Hukusanyika, hukariri mashairi na kunywa kwa heshima ya miungu na mababu.

Makundi mengine, hasa Marekani, yaligawanyika kuhusu Loki na uzao wake. Kuna waliopiga marufuku kutajwa kwao katika ibada, wakishikilia kuwa ni maadui wa miungu na wa utaratibu wa dunia. Wapinzani wao hujibu kwamba Fenrir aliadhibiwa kabla ya kutenda kosa, na kwamba miungu ndiyo iliyovunja neno lake. Kwao yeye ni mlinzi wa waliofungwa, waliotengwa na wenye hasira ya haki.

Lakini ishara hii imetumiwa vibaya pia. Adolf Hitler alipenda kujiita Wolf, yaani mbwa mwitu, na makao yake ya kivita mashariki yaliitwa Ngome ya Mbwa Mwitu. Hadi sasa wabaguzi wa rangi hujichora nembo za Skandinavia ya kale. Chama cha Aisilandi kimewapinga hadharani watu hao.

Pande zote mbili zinaposoma visasili hivi, zinafaa kusoma hadi mwisho. Siku ya Ragnarok, Fenrir atakata pingu na kummeza Odin. Lakini Vidar, mwana wa Odin, atamkanyaga taya la chini kwa kiatu kizito na kumpasua kinywa. Jua nalo litamezwa, ila litakuwa limekwisha kuzaa binti, naye atashika njia ya mamaye juu ya ardhi mpya ya kijani. Waliotunga visa hivi walimwogopa mbwa mwitu kwa dhati, lakini hawakumwachia neno la mwisho.