Jinsi damu inavyofichua jeraha la moyo baada ya upasuaji

Upasuaji mkubwa wa moyo aghalabu huacha jeraha katika misuli ya kiungo hicho, hata pale daktari anapofanya kazi yake bila dosari. Swali linalowakabili wahudumu mgonjwa anapofikishwa katika chumba cha wagonjwa mahututi ni ukubwa wa jeraha hilo, na iwapo limekoma au lingali likiendelea.

Mgonjwa mwenyewe hawezi kuwaeleza. Angali chini ya nusukaputi, na maumivu ya kifua kilichopasuliwa yanaweza kuficha yale ya moyo. Ndiposa damu hupimwa.

Chanzo cha jeraha

Katika upasuaji mwingi wa aina hii, kazi ya moyo na mapafu huachiwa mashine. Mshipa mkuu wa aota hubanwa, kisha moyo husimamishwa kwa maji maalumu yenye potasiamu. Ingawa maji hayo huukinga moyo, baadhi ya seli hufa kwa kukosa oksijeni. Nyingine huumizwa na kisu na sindano, au na damu yenyewe inaporejea kwa ghafla.

Seli hizo zinapopasuka, humwaga katika damu protini ziitwazo troponini, ambazo kazi yake ni kuongoza kujikaza kwa misuli. Aina mbili, T na I, ndizo hupimwa ili kubaini jeraha la moyo.

Zamani madaktari walitegemea zaidi kimeng'enya cha CK-MB. Kasoro yake ni kwamba hupatikana pia, kwa kiasi kidogo, katika misuli mingine ya mwili. Hata hivyo, hushuka baada ya siku mbili au tatu, ilhali troponini huweza kusalia katika damu kwa wiki moja hadi mbili.

Mpaka uko wapi?

Wahenga walinena kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Katika upasuaji wa moyo, mawingu hutanda karibu kila mara. Ugumu ni kutambua yale yenye mvua.

Mnamo 2018, mashirika ya kimataifa ya wataalamu wa moyo yalieleza kuwa, kwa mgonjwa aliyepandikizwa mishipa ya moyo, troponini ikizidi mara 10 ya kiwango cha juu cha kawaida katika saa 48 za kwanza, huenda amepata shambulio la moyo. Sharti iwepo pia ishara nyingine, mathalan mabadiliko katika kipimo cha umeme wa moyo au picha.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2022 katika jarida la New England Journal of Medicine ulionyesha jinsi mpaka huo ulivyo chini. Katika wagonjwa 13,862, troponini I ilihusishwa na ongezeko la hatari ya kifo ndani ya siku 30 ilipofikia mara 218 ya kiwango cha kawaida, ikipimwa ndani ya siku moja baada ya kupandikizwa mishipa au kutibiwa vali ya aota. Katika aina nyingine za upasuaji wa moyo, ilikuwa mara 499.

Hii haimaanishi kwamba kila aliye chini ya viwango hivyo yu salama. Mshipa uliopandikizwa ukiziba, kuchelewa kwa saa chache kwaweza kugharimu maisha. Kwa upande mwingine, kumrejesha mgonjwa katika chumba cha upasuaji bila sababu ni hatari vilevile.

Kwa hivyo, damu hupimwa kabla ya upasuaji, kwani wenye maradhi ya figo huweza kuwa na troponini nyingi tangu awali, kisha hurudiwa baadaye. Kiwango kinachopanda kisha kushuka hutuliza. Kinachozidi kupanda, huku shinikizo la damu likishuka au mapigo ya moyo yakivurugika, humlazimu daktari kuuchunguza moyo kwa mawimbi ya sauti, au kuipiga picha mishipa yake, bila kukawia.