Disfajia: ugumu wa kumeza au kupaliwa?

Disfajia ni hali ya chakula, kinywaji au hata mate kushindwa kupita salama kutoka mdomoni hadi tumboni. Tafsiri iliyozoeleka ni "ugumu wa kumeza", na kwa mwenye uvimbe kwenye umio inatosha kabisa. Kwa mzee mwenye demensia anayetumia dawa za saikosisi, inapotosha. Ukimwambia mtu kwamba mama yake ana ugumu wa kumeza, atafikiria koo linalouma au tonge lililokwama. Akiona kikombe cha chai kimekwisha, ataridhika. Kumbe chai ndiyo ya kuangaliwa zaidi: vinywaji vyepesi huteremka upesi, na njia ya hewa ikichelewa kujifunga, huingia mapafuni. Huko ni kupaliwa, neno ambalo kila mlezi analijua, na ndilo ningependa lisikike kliniki.

Dawa hizi, ziwe za zamani kama haloperidoli na klopromazini au za baadaye kama risperidoni, huzuia dopamini kufanya kazi ubongoni. Bila dopamini ya kutosha, ulimi huwa mzito, ugali hubaki umefumbatwa shavuni, na koo huchelewa kuitika, kama kwa mgonjwa wa Parkinson. Ongeza usingizi unaoletwa na dawa hizo, na kwa baadhi yake mdomo mkavu. Mwaka 2005 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipitia majaribio 17 na kukuta kwamba wazee wenye demensia waliopewa dawa mpya za kundi hili walikufa kwa kiwango cha mara 1.6 hadi 1.7 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Vifo vingi vilihusu moyo au maambukizi kama nimonia. Mamlaka hiyo ikatoa onyo, na mwaka 2008 ikalipanua lihusu dawa za zamani pia. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kila nimonia ilitokana na kupaliwa, ila maelezo ya dawa zenyewe yanaitaja hatari hiyo.

Atasema mtu kwamba demensia peke yake hudhoofisha kumeza. Ni kweli, na ndiyo maana dawa hulikuta koo halina akiba. Kinachosaidia kutofautisha ni tarehe: mabadiliko yakianza baada ya dawa kuanzishwa au dozi kupandishwa, dawa ishukiwe kwanza. Pingamizi zito zaidi ni la istilahi: aliyepaliwa hukohoa, na mzee huyu huenda asikohoe kabisa. Basi tuseme "kupaliwa kimyakimya", na tutaje dalili zake: sauti ya majimaji baada ya kunywa, na homa za kifua zinazojirudia. Disfajia ibaki vitabuni. Haimdhuru mtu huko.

Wapo pia walezi wanaopigwa na wagonjwa wao usiku kucha, na kuwaambia dawa haifai kabisa si haki. Uingereza imeidhinisha risperidoni kwa ukali usiokoma wa wagonjwa wa Alzheimer, kwa wiki zisizozidi 6, njia nyingine zikishindikana. Muda mfupi, dozi ndogo: hapo naafiki.

Usiikatishe dawa mwenyewe. Mpelekee daktari tarehe ilipoanza na mweleze mgonjwa anavyokunywa chai. Na akiwa anasinzia, usimlishe.