Jembe la Mfungwa, Mavuno ya Nani? Kazi za Gerezani Katika Mpaka wa Busia na Tororo

Hadi 1902 nchi yote ya chini ya Mlima Masaba, mashariki na magharibi ya mpaka wa leo, ilihesabiwa kuwa Uganda. Sasa mfungwa wa Tororo na mwenzake wa Busia ya Kenya wako chini ya Katiba mbili. Ibara ya 25 ya Katiba ya Uganda ya 1995 inakataza utumwa na kazi ya kulazimishwa, kisha inaongeza kwamba kazi itokanayo na hukumu ya mahakama haihesabiwi kuwa ya kulazimishwa. Ibara ya 30 ya Kenya, ya 2010, haina nyongeza hiyo. Hata hivyo Sheria ya Magereza, Sura ya 90, bado inamtia mfungwa kazini.

Husemwa basi kwamba upande wa Uganda mjadala umekwisha: mahakama imehukumu, mfungwa alime. Hoja hii ni dhaifu. Nyongeza ile inahusu kazi ya kulazimishwa tu. Utumwa haukuguswa, na ibara ya 44 hairuhusu katazo lake lilegezwe kwa sababu yoyote.

Mkataba wa kimataifa wa 1926 kuhusu utumwa unaueleza kuwa hali ya mtu anayetumiwa kwa mamlaka ya umiliki, yote au baadhi yake. Haudai hati ya kununuliwa wala utumwa wa kurithi. Sasa tutazame ripoti ya Human Rights Watch ya 2011, iliyotokana na ziara katika magereza 16 ya Uganda. Ilikuta wafungwa wakipelekwa kulima mashamba ya watu binafsi kwa malipo yasiyowafikia, na wengine wakilima mashamba ya maofisa wa magereza wenyewe. Waliokataa au kuchelewa walipigwa. Miongoni mwao walikuwamo mahabusu, watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani.

Ushahidi huu nauona mzito kuliko nadharia zote. Mtu hukodisha kilicho chake. Anayemkodisha mfungwa kwa mwenye shamba, akapokea ujira yeye, ametumia mamlaka ya mwenye mali. Mfungwa anayepalilia mahindi yatakayopikwa gerezani mwake yuko katika hali nyingine. Huyo simwiti mtumwa, ingawa kalazimishwa. Wanaotetea kazi kwa kutaja ufundi na chakula cha gereza wanamsemea huyu wa pili, wakimsahau wa kwanza.

Mkataba Na. 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1930, uliliona hilo mapema: kazi ya mfungwa inakubalika tu ikiwa amehukumiwa na mahakama, anasimamiwa na mamlaka ya umma, na hakukodishwa kwa mtu binafsi wala kampuni. Uganda ilichukua sharti la hukumu katika Katiba yake, ikaliacha la kukodisha.

Bunge la Kampala liliingize sharti hilo katika ibara ya 25. Na kabla ya Bunge kukaa, mahabusu wa Tororo asipewe jembe la shamba la mtu.