Derna: Ufa Uliojulikana kwa Miaka 25

Yako mabwawa yanayojengwa ili yajae maji, na yako yanayojengwa ili yakae matupu. Bwawa la kuzuia mafuriko ni la aina hii ya pili. Kazi yake ni kuyapokea maji ya mvua kubwa, kuyatuliza, kisha kuyaachia kidogo kidogo yasiuvamie mji kwa pamoja. Na kwa kuwa miaka mingi huonekana kavu, ni rahisi kulisahau. Juma hili tuangalie yaliyoupata mji wa Derna, mashariki ya Libya.

Derna umejengwa pale korongo linaloshuka kutoka milimani linapokutana na Bahari ya Mediterania. Korongo hilo huwa kavu sehemu kubwa ya mwaka, lakini mvua ikinyesha milimani hugeuka mto. Mwaka 1959 mafuriko yaliuharibu mji huo vibaya. Ndipo katika miaka ya 1970 kampuni ya Yugoslavia ikajenga mabwawa mawili: la Abu Mansour, kilometa zipatazo 13 juu ya mji, lenye uwezo wa mita za ujazo milioni 22.5, na jingine dogo, la milioni 1.5, mlangoni mwa mji. Yote yalikuwa matuta ya mawe yenye kiini cha udongo wa mfinyanzi. Tuta la namna hii ni imara, ila lina mwiko mmoja: maji yasipite juu yake. Yakipita hulimega, na likianza kumegeka halizuiliki.

Mwaka 1986 mafuriko makubwa yalikuja tena. Mabwawa yaliumia, lakini yaliuokoa mji. Mwaka 1998 uchunguzi ulioagizwa na serikali ukabainisha nyufa. Mwaka 2007 kampuni ya Kituruki ikapewa kazi ya ukarabati. Ikaianza Oktoba 2010, na miezi michache baadaye ikaondoka, nchi ilipoingia vitani. Mwaka 2021 wakaguzi wa serikali wakaripoti kwamba matengenezo hayakufanyika, ingawa zaidi ya yuro milioni 2 zilikuwa zimetengwa mwaka 2012 na 2013. Mwaka 2022 mtaalamu wa maji Abdelwanis Ashoor akaandika kwamba mji uko hatarini iwapo mafuriko makubwa yatatokea.

Ndugu msikilizaji, hesabu miaka hiyo. Tangu ufa kuonekana hadi msiba kutokea ni miaka 25.

Usiku wa kuamkia Septemba 11, 2023, dhoruba iliyopewa jina Daniel ilifika. Mji jirani wa Al-Bayda ulipata milimita 414 za mvua kwa siku moja. Maji yakalipita bwawa la juu, likabomoka. Wimbi lake likalisomba la chini, na mitaa mizima ikapelekwa baharini watu wakiwa wamelala. Kabla ya hapo amri zilikuwa zikipingana: wengine waliambiwa wahame, wengine wabaki majumbani. Hesabu za waliokufa zinatofautiana, lakini zote zinataja maelfu. Julai 2024 mahakama iliwafunga maofisa 12, vifungo vya miaka 9 hadi 27.

Wapo wanaosema mvua ile ingelishinda bwawa lolote. Huenda. Lakini hoja hiyo haimwondolei lawama aliyejua. Kama bwawa halitoshi, anayeishi chini yake ana haki ya kuambiwa mapema, na kuonyeshwa njia ya kukimbilia. Bila bwawa, mtu hulihofia korongo. Likiwapo bwawa, huamini kuwa amelindwa, naye hujenga nyumba ukingoni. Basi bwawa lisilotunzwa ni hatari zaidi kuliko kukosa bwawa.

Kwa hiyo popote pale watu wanapoishi chini ya tuta la maji, maswali ni haya: Nani hulikagua? Alilikagua lini? Alikuta nini? Na siku ya hatari, nani atapiga mbiu?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Derna haukubakiwa hata na ukuta wa kujenga upya. Ulibakiwa na makaburi.