Programu ya kuhariri video inapogoma: Chanzo cha hitilafu na tiba yake

HARUSI haifungwi mara mbili ili mpigapicha apate nafasi nyingine. Ndiposa mhariri wa video huingiwa na hofu anapofungua kazi aliyoishughulikia kwa siku tatu na kukuta skrini nyekundu mahali palipokuwa na picha za bibi harusi.

Wengi hukimbilia kuiondoa programu kwenye tarakilishi na kuiweka upya. Aghalabu hatua hiyo haisaidii, kwa sababu kosa haliko katika programu bali katika faili ilizopewa.

Yafaa kwanza kuelewa kwamba programu kama Adobe Premiere Pro na DaVinci Resolve hazihifadhi video ndani ya mradi. Mradi huweka tu anwani ya kila video, pamoja na maelezo ya mahali pa kukata na kuunga. Ndiyo maana mradi huwa mdogo ilhali video zenyewe hujaza diski.

Picha kutoweka

Skrini nyekundu humaanisha kuwa anwani imebadilika. Huenda diski ya nje haijachomekwa, folda imepewa jina jipya, au faili zimehamishwa.

Usianze kukata upya. Rejesha folda mahali pake na jina lake la awali, au uielekeze programu kwenye faili moja iliyopotea. Kwa kawaida, ikishaipata hiyo, itazitambua yenyewe nyingine zilizo katika folda iyo hiyo.

Aliye hatarini kabisa ni yule anayehariri moja kwa moja kutoka kwa kadi ya kamera. Kadi hiyo ikifutwa ili itumike katika sherehe nyingine, mradi utabaki na anwani ya nyumba iliyokwisha kubomolewa. Nakili video zote katika diski mbili tofauti kabla ya kuanza kazi.

Sauti kuachana na midomo

Kamera za video kwa kawaida hunasa fremu kwa kasi isiyobadilika, kwa mfano 25 kwa sekunde. Simu nyingi, kinyume chake, hupunguza au kuongeza kasi hiyo kulingana na mwanga na uwezo wa simu wakati huo.

Matokeo yake ni kwamba mahubiri huanza vyema, lakini kadiri dakika zinavyosonga, mhubiri huonekana amefumba mdomo ilhali neno bado linasikika. Kuisogeza sauti hakutoshi, kwani pengo hilo halilingani kila mahali.

Tiba ni kuigeuza video kuwa ya kasi moja kabla ya kuihariri. Programu ya HandBrake, ambayo hutolewa bila malipo, hufanya kazi hiyo.

Kosa jingine ni kuichukulia video ya fremu 29.97 kwa sekunde kuwa ya fremu 30. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini kwa saa moja hufikia sekunde 3.6.

Picha kukwamakwama

Katika mitindo ya H.264 na H.265, inayotumiwa na simu na kamera nyingi, ni fremu chache tu zinazohifadhiwa zikiwa kamili. Nyingine huwekewa yale tu yaliyobadilika. Faili huwa ndogo, lakini tarakilishi hulazimika kuiunda upya kila fremu unapoitazama.

Mzigo huzidi kwa video za 4K zenye pikseli 3840 kwa 2160, ambazo ni mara nne ya zile za 1920 kwa 1080.

Si lazima ununue tarakilishi mpya. Iamuru programu itengeneze nakala nyepesi za kuhariria. Utakapokamilisha, itazirejelea video asili, na ubora hautapungua. Waweza pia kupunguza ubora wa picha za kutazamia pekee.

Video kukataa kukamilika

Ikiwa utoaji wa video iliyokamilika hukatika mahali pale pale kila mara, chunguza kipande kilichopo hapo. Kiondoe pamoja na madoido yake, kisha ujaribu tena.

Ukikatika mahali tofauti kila mara, shuku joto la tarakilishi, uchache wa kumbukumbu, diski iliyojaa au kadi ya michoro. Futa pia faili za muda ambazo programu hujitengenezea. Hakuna hasara, kwa kuwa itaziunda tena, lakini hakikisha hugusi video asili.

Wapo pia wanaoshangaa flashi ikikataa video ilhali ina nafasi tele. Flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili inayozidi GB 4. Video ya megabiti 20 kwa sekunde hufikia kiwango hicho kwa muda usiotimia nusu saa. Hamisha kwanza vilivyomo, kisha iandae upya kwa mfumo wa exFAT.

Hatimaye, hifadhi mradi kwa jina jipya kila siku ya kazi, na uweke nakala yake nje ya tarakilishi hiyo. Mradi ukipotea, waweza kuhariri upya kwa jasho. Video asili zikipotea, hakuna fundi atakayeirudisha siku hiyo.