Machozi bandia hutuliza macho makavu, lakini si kila dawa ya kudondosha inafaa

WANAOKAUSHA samaki kwa moshi katika fuo za Ziwa Victoria, kuanzia Mbita katika Kaunti ya Homa Bay hadi Muhuru Bay katika Kaunti ya Migori, hukaa karibu na meko kwa saa nyingi. Huko Macalder, eneo la Nyatike, wachimbaji dhahabu huponda mawe yenye vumbi jingi. Moshi, vumbi na upepo ni miongoni mwa mambo yanayochochea ugonjwa wa macho makavu.

Jicho lenye afya hufunikwa na utando mwembamba wa machozi. Utando huo una maji kutoka kwa tezi za machozi, ute unaoyashikiza maji hayo kwenye jicho, na mafuta kutoka kwa tezi za kope yanayoyazuia yasikauke upesi. Kimojawapo kikipungua, utando hukatika.

Mgonjwa huhisi kana kwamba mchanga umemwingia machoni. Macho huwasha na kuwa mekundu, nako kuona hufifia, kisha hurejea anapopepesa. La ajabu ni kwamba jicho kavu laweza kububujika machozi, ila ni machozi mepesi yasiyodumu.

Machozi bandia ni maji yaliyotiwa viambato vizito kama vile hipromelosi au hayaluroneti, ili yakae juu ya jicho kwa muda. Hulainisha jicho, hupunguza msuguano wa kope na kuzuia michubuko. Yaliyo mazito kama jeli hudumu zaidi, lakini hutia ukungu machoni, hivyo hufaa wakati wa kulala.

Hata hivyo, matone hayo hayaondoi chanzo. Anayerejea kwenye moshi ule ule atayahitaji kila siku. Meko yenye bomba la moshi, miwani ya kujikinga na kukanda kope kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu husaidia. Umri mkubwa, baridi yabisi, virusi vya Ukimwi na baadhi ya dawa za mzio pia huweza kukausha macho. Mtoto mwenye macho makavu na asiyeona vyema usiku huenda amekosa vitamini A, na anahitaji daktari wala si matone tu.

Hatari kubwa ni kununua dawa yoyote ya macho bila ushauri. Matone yenye steroidi huondoa wekundu haraka, lakini yakitumiwa kiholela huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Uoni unaopotea kutokana na presha ya jicho haurudi.

Usafi nao ni muhimu. Mwaka 2023, nchini Marekani, machozi bandia yaliyochafuliwa na bakteria yalihusishwa na maambukizi yaliyowapofusha baadhi ya wagonjwa. Mtumiaji anawe mikono, asiguse jicho kwa ncha ya chupa, wala asimwazime mwenzake. Anayedondosha zaidi ya mara nne kwa siku anashauriwa kutumia aina isiyo na kihifadhi, kwani kemikali hiyo huweza kuudhi jicho.

Maumivu makali, usaha, doa jeupe kwenye jicho, kuogopa mwanga au kupungukiwa na uoni ghafla ni dalili za kwenda hospitalini bila kuchelewa.