Mti na Utando: Kuainisha Mbinu za Ufunguo wa Hadhara

Makala hii inajadili namna ya kuainisha mbinu za kriptografia ya ufunguo wa hadhara katika grafu ya maarifa, yaani hazina ya taarifa ambamo kila kitu ni kifundo na kila uhusiano ni uzi wenye jina lake. Hoja yetu ni kwamba historia ya mbinu hizo haikubali kupangwa kama mti, ambao kila jani lake lina tawi moja tu.

Msomaji wa Bunia analifahamu tatizo hili kwa karibu. Katika Ituri, Wahema wa kusini huzungumza Kihema, lugha ya Kibantu; Wahema wa kaskazini, yaani Wagegere, huzungumza Kilendu, lugha ya jamii ya Sudani ya Kati. Anayewapanga kwa lugha huwatenga na ndugu zao. Anayewapanga kwa kabila huificha lugha yao. Katika vita vya 1999 hadi 2003 watu waliuawa kwa sababu ya jina moja walilopewa, hata pale ambapo muuaji na aliyeuawa walizungumza lugha moja.

Tuziangalie sasa mbinu zenyewe. Zamani, wawili waliotaka kufichiana siri walilazimika kwanza kushiriki ufunguo mmoja. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman walichapisha njia ya kuafikiana ufunguo hadharani, wakitegemea ugumu wa kukokotoa logariti za aina maalumu. Mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman walibuni RSA, inayotegemea ugumu wa kutafuta vigawo tasa vya namba kubwa. RSA huficha ujumbe na pia hutia saini. Mwaka 1985 Taher Elgamal, mzaliwa wa Misri, alichapisha mbinu za kazi zizo hizo mbili, lakini juu ya logariti. Basi kwa kazi, Elgamal ni jirani wa RSA. Kwa msingi, ni ndugu wa Diffie na Hellman.

Tarehe nazo zadai nyuzi mbili. Clifford Cocks, mtumishi wa idara ya siri ya Uingereza, aliigundua njia inayokaribiana sana na RSA mwaka 1973, lakini jambo hilo lilitangazwa 1997. Uzi wa uchapishaji ukiwa peke yake humdhulumu.

Manufaa ya nyuzi hizi si ya kinadharia tu. Mwaka 1994 Peter Shor alionyesha kuwa kompyuta ya kwanta yenye nguvu ya kutosha ingevunja vigawo na logariti pia. Ujumbe wa WhatsApp, ambao tangu 2016 hulindwa kwa mikunjo ya iliptiki, umesimama juu ya ugumu wa jamii hiyo ya logariti. Anayefuata uzi wa msingi huona mara moja mbinu zitakazoanguka pamoja, na kwa nini viwango vilivyotolewa Marekani mwaka 2024 vilijengwa juu ya misingi mingine. Mti wa kazi peke yake usingemwonyesha hayo.

Hivyo basi, mwainishaji asiulize kitu ni cha tawi lipi, bali kinahusiana na nini, na kwa njia gani.